Kabla hujalipa karo ya sheria, uliza mwanao ataapishwa wapi

Mfanyabiashara wa mpakani anazijua karatasi zake. Anajua kwamba mzigo wa mahindi, maharage au dagaa usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ukiwa umetoka ndani ya Jumuiya na umo kwenye orodha iliyokubaliwa, unavuka Busia au Mutukula kwa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa bila kutozwa ushuru wa forodha. Anajua dirisha la muhuri ni lipi, na anajua ofisa yupi haonekani kazini kabla ya saa tatu. Lakini mtu huyu huyu, mtoto wake akimaliza sekondari na kusema anataka kuwa wakili, hufungua kibubu na kupeleka karo chuoni, mara nyingi chuo cha nchi jirani, bila kuuliza swali ambalo angemuuliza dereva yeyote wa lori: mzigo huu unashushwa wapi?

Kwa sheria, swali hilo lina uzito kuliko kwa masomo mengine mengi. Mwalimu wa hesabu aliyesomea Kampala atakuta hesabu ni zilezile Mwanza. Mhandisi aliyesomea Nairobi atakuta zege ni zege hata Kigali. Mwanasheria akivuka mpaka anakuta sheria ya ardhi ni nyingine, utaratibu wa kufungua kesi ni mwingine, na kuna baraza la kumuuliza amepitia mafunzo gani na ameapishwa na nani. Shahada inavuka ndani ya begi kama nguo. Ruhusa ya kusimama mbele ya jaji ndiyo inayobaki upande wa pili wa kizuizi.

Ndiyo maana ushauri wa makala haya umegeuzwa: anza mwisho, urudi mwanzo. Kwanza amueni mtoto atafanyia kazi nchi gani. Kisha uliza nchi hiyo inamtaka nini kabla ya kumwapisha. Chuo kije mwisho.

Shahada si uwakili

Wazazi wengi wakiona picha ya mahafali, joho na kofia, huanza kumwita mtoto wakili. Bado. Katika Kenya, Uganda na Tanzania shahada ya kwanza ya sheria, ambayo katika vyuo vingi huchukua miaka 4, humfanya mtu kuwa mhitimu wa sheria. Anaweza kuajiriwa benki, bima, kampuni ya usafirishaji, idara ya rasilimali watu au shirika lisilo la kiserikali. Hawezi kufungua ofisi ya uwakili wala kukutetea mahakamani kwa jina lake.

Mlango wa pili ni mafunzo ya vitendo. Tanzania Bara mlango huo ni Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo iliyopo Dar es Salaam, ambayo kila mtu huiita Law School. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2007, na mafunzo yake ni ya mwaka mmoja, sehemu yake ikifanyika mahakamani na kwenye ofisi za mawakili. Kenya ina Kenya School of Law, mtaani Karen, Nairobi. Uganda ina Law Development Centre, LDC, iliyoanzishwa mwaka 1970 Kampala na ambayo sasa ina matawi Mbarara na Lira. Rwanda ina taasisi yake ya ILPD mjini Nyanza. Zanzibar ina utaratibu wake, tofauti na wa Bara, na mzazi wa Pemba au Unguja asidhani kwamba kilichoandikwa kwa ajili ya Dar es Salaam kinamhusu moja kwa moja.

Huko hawarudii nadharia. Mtoto anatakiwa kuandaa hati ya madai, kiapo, mkataba wa mauziano, wosia, kumhoji shahidi, kujua ada ya mahakama inalipwaje na siku za kukata rufaa zinahesabiwaje. Kenya kuna masomo 9 katika mafunzo haya, likiwemo la uhamishaji wa ardhi na la mikataba ya biashara, na mtihani wa mwisho hautungwi na shule yenyewe bali na Baraza la Elimu ya Sheria. Kabla ya kuapishwa, Mkenya lazima pia akae miezi 6 chini ya wakili mwenye uzoefu wa miaka isiyopungua 5. Wengi katika miezi hiyo hawalipwi, au hupewa nauli tu. Hiyo nayo ni gharama yako mzazi, hata kama haimo kwenye barua ya karo.

Wanaokwama mlango wa pili

Mwezi Oktoba 2022 Tanzania ilipata mshtuko. Matokeo ya kundi moja la Law School yalisambaa: kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 waliondolewa. Mjadala ulifika bungeni, mitandaoni na kwenye daladala. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Dkt. Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza kulikoni.

Lawama ziligawanywa kila upande. Wapo waliosema taasisi inakaza kupita kiasi. Wapo waliosema vyuo vikuu vinawapitisha watu wasioiva. Wengine walinyooshea kidole lugha: mtoto amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akabebana na Kiingereza sekondari kwa kukariri, sasa anatakiwa kuandika hoja ya kurasa 10 kwa Kiingereza ambacho jaji atakisoma. Malalamiko ya aina hiyo yamewahi kusikika Kenya kuhusu mtihani wa uwakili, na Uganda kuhusu LDC, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ukivuka mpaka unakwepa tatizo.

Mwandishi huyu ana maoni yake. Namba ile ya 26 ilitangazwa sana, lakini wale 342 ndio wa kuangaliwa na mzazi mwenye duka. Kurudia mtihani ni miezi ya ziada ya kodi ya chumba, chakula na ada ya marudio, wakati mtoto hazalishi chochote. Ukipanga fedha ya kumfikisha mlango wa pili bila akiba ya kurudia, umepanga nusu ya safari. Wapo wahitimu wa sheria waliokwama hapo hapo, wenye shahada nzuri tu, kwa sababu mtaji wa mama uliisha mwaka mmoja kabla ya wakati.

Kuhusu lugha, kuna jambo linalochanganya watu. Mwaka 2021 Tanzania ilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na lugha ya mahakama. Ni hatua kubwa, na mfanyabiashara anayesikiliza kesi yake mwenyewe kwa lugha anayoielewa anajua thamani yake. Lakini kitivoni vitabu ni vya Kiingereza, hukumu za zamani anazotakiwa kuzisoma ni za Kiingereza, na mitihani pia. Mtoto anayekichukia Kiingereza cha kusoma na kuandika atateseka, hata kama anaongea kama maji. Kwa upande wa Kenya, sheria ya Kenya School of Law ya mwaka 2012 inaitaja lugha kwa alama kabisa: wastani wa C+ katika mtihani wa kidato cha nne, na B katika Kiingereza au Kiswahili. Ndiyo, au Kiswahili. Ni nadra karatasi rasmi ya Nairobi kukipa Kiswahili kiti sawa na Kiingereza, tulifurahie.

Hata hivyo, masharti hayo yamezua kesi nyingi. Wapo waliopata alama ndogo sekondari, wakapanda kwa stashahada hadi shahada, na baada ya miaka yote hiyo wakaambiwa mlangoni Karen kwamba alama za kidato cha nne hazitoshi. Mahakama za Kenya zimelizungusha suala hilo kwa miaka. Kwa mzazi, funzo la vitendo ni rahisi: kama mwanao anategemea ngazi ya stashahada, na mnataka aapishwe Kenya, muulize Baraza la Elimu ya Sheria kabla ya kulipa shilingi ya kwanza, na jibu liwe kwa maandishi.

Zamani kitivo kilikuwa kimoja

Wazee watakumbuka kwamba haikuwa hivi siku zote. Kitivo cha kwanza cha sheria katika nchi zetu tatu za mwanzo kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, kikiwa na wanafunzi wasiofika hata 20, na kwa miaka kadhaa Wakenya, Waganda na Watanganyika walisoma darasa moja. Dkt. Willy Mutunga, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Kenya kuanzia 2011 hadi 2016, alichukua shahada yake hapo. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa, kila nchi ikawa na chuo chake na kitivo chake, na polepole kila nchi ikajenga uzio wake kwenye mlango wa uwakili.

Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, iliahidi kwamba nchi zitatambuana sifa za kitaaluma. Wahasibu walitia saini makubaliano yao. Wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo nao wakafuata. Mawakili, ambao ndio wanaoandika makubaliano ya watu wengine wote, mazungumzo yao yenyewe yamekokota mwaka baada ya mwaka.

Sababu moja ni woga wa soko, na tusifiche. Mawakili wadogo wa mji mmoja hawapendi kuona ofisi kubwa za mji mwingine zikifungua matawi mlangoni kwao. Sababu nyingine ni ya haki: sheria zenyewe hazifanani. Kenya, Uganda na Tanzania zilirithi mfumo wa Kiingereza pamoja na sheria zilizopitia India, kwa hiyo wakili wa Kampala akisoma hukumu ya Arusha anaielewa. Burundi na Kongo zilirithi mfumo wa Kibelgiji, ambako kitabu cha sheria kilichoandikwa kinatangulia na hukumu za nyuma hazina nguvu ileile. Rwanda ilitoka huko na sasa imechanganya mifumo miwili. Kongo imekuwa pia ndani ya OHADA tangu Septemba 2012, yaani sheria zake za makampuni, dhamana na biashara ni zilezile za nchi nyingi za Afrika Magharibi na ya Kati, kwa Kifaransa.

Sasa mchukulie mama anayepeleka dagaa Uvira au Bukavu na anayetaka binti yake aje kuwa wakili wa kumlindia biashara upande ule. Akimpeleka Nairobi, binti atasoma vizuri, lakini atarudi na sheria ya makampuni isiyotumika Bukavu. Kwa kazi ya Kongo, asome kitivo cha Kongo au cha Burundi, kwa Kifaransa, kisha ajiandikishe kwenye chama cha mawakili kama mwanagenzi. Kongo uanagenzi huo ni wa miaka 2 kabla ya kuwa avoka kamili. Kama mama huyo huyo mauzo yake makubwa yako Kigoma, hesabu inageuka, na Dar es Salaam, Mwanza au Morogoro inakuwa njia fupi.

Kwa wanaotaka kutoka Uganda au Tanzania kwenda Kenya, Sheria ya Mawakili ya Kenya kwa muda mrefu imewataja raia wa nchi hizo mbili kwa jina. Mwaka 2012 Rwanda na Burundi ziliongezwa, na nyongeza hiyo ikapelekwa mahakamani kupingwa. Kwa hiyo hata pale ambapo sheria inakutaja leo, uliza imesimama wapi mwaka huu. Tena kuapishwa ni jambo moja na kibali cha kufanya kazi ni jingine, kwenye ofisi nyingine na foleni nyingine.

Vyeti vya sekondari navyo

Kuna kikwazo kidogo ambacho huwakuta watoto wa mpakani kuliko wengine. Mtoto wa Namanga anaweza kusoma msingi upande mmoja na sekondari upande wa pili. Mkenya wa mfumo wa 8-4-4 anamaliza kidato cha nne na yuko tayari kwa chuo kikuu kwao. Tanzania na Uganda zinadai kidato cha sita au kinacholingana nacho. Mtanzania naye akienda Kenya, vyeti vyake vinahitaji kusawazishwa na mamlaka za Kenya ili C+ yake ijulikane ni C+ kweli.

Usawazishaji huu ufanywe mwanzo. Wapo waliouahirisha kwa kuwa chuo kikuu kiliwapokea bila kuudai, kisha wakaudaiwa miaka 4 baadaye kwenye mlango wa pili, shule ya zamani imebadili jina na mwalimu mkuu amestaafu. Kwa Tanzania, shahada iliyopatikana nje hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kutambuliwa. Chukueni nakala za kila kitu, zilizothibitishwa, na ziwekwe mahali ambapo mvua na panya havifiki.

Hakikisha pia kwamba kitivo chenyewe kina kibali cha kufundisha sheria, kwa sababu chuo kikuu kinaweza kuwa halali na programu yake ya sheria isiwe. Kenya, Baraza la Elimu ya Sheria hutoa leseni kwa kila kitivo, na mwaka 2015 liliamuru hata shule ya sheria ya chuo kikuu kimoja cha umma ifungwe, jambo lililoishia mahakamani. Uganda kazi ya ukaguzi iko kwa Baraza la Sheria la nchi hiyo. Mtu anayekuletea fomu stendi na kukuambia nafasi zinaisha kesho, mwambie akuonyeshe barua ya kibali. Ungemdai risiti ya ushuru, sembuse hii.

Hesabu ya mwenye duka

Tuhesabu kwa njia ya mfanyabiashara. Miaka 4 ya shahada, halafu mafunzo ya vitendo, halafu miezi ya chini ya wakili kwa nchi zinazodai hivyo, halafu kusubiri matokeo, halafu kusubiri siku ya kuapishwa. Weka miaka 6, na ukipata pungufu ya hapo ni faida. Katika muda huo fedha yako inalipwa kwa sarafu ambayo huenda si yako. Anayeuza kwa shilingi ya Uganda na kulipa karo kwa shilingi ya Kenya anajua mabadiliko ya bei ya fedha yanavyokula mtaji. Wengine hutunza sehemu ya mauzo ya upande ule kwenye sarafu ya upande ule, kwa ajili ya karo tu. Ni busara.

Uliza chuo kinawatoza wanafunzi wa Jumuiya karo ya wenyeji au ya wageni, maana vyuo havifanani, na tofauti yake inaweza kuwa kubwa. Uliza ada ya mtihani, ya usajili, ya maktaba, ya joho. Uliza mapema kama bodi ya mikopo ya nchi yako inagusa mafunzo ya vitendo au inaishia kwenye shahada. Pasi ya mwanafunzi iombwe mara tu barua ya chuo ifikapo.

Na baada ya yote, kipato. Wakili mchanga hafiki mjini na gari. Ofisi nyingi humlipa kidogo miaka ya mwanzo, na wateja wanaolipa vizuri wana mawakili wao tayari. Hapa mtoto wa mfanyabiashara ana kitu ambacho mtoto wa jaji huenda hana: anajua soko. Amekulia kwenye mzigo uliokwama, kwenye hundi iliyorudi, kwenye mshirika aliyezima simu. Akisomea mikataba, kodi na forodha kwa bidii, wateja wake wa kwanza ni majirani wa kibanda cha mama yake.

Mtoto mbishi na mtoto msomaji

Kuna dhana kwamba mtoto anayebishana sana nyumbani amezaliwa wakili. Hapana. Amezaliwa mbishi. Kazi ya sheria kwa sehemu kubwa ni kukaa. Kukaa na jalada, kusoma mkataba wa kurasa 40 kutafuta neno moja, kulinganisha hukumu mbili zinazokaribia kufanana. Mikataba, jinai, katiba, madhara, ardhi, ushahidi: yote haya hufundishwa kwa kusoma kesi, na mhadhiri hamsomei mtu.

Jaribio la bure lipo. Mahakama nyingi ziko wazi kwa umma. Mtoto aende wiki moja akae benchi la nyuma, pale Busia, Bukoba, Moshi, popote palipo karibu. Aone kesi zinavyoahirishwa. Aone mawakili wakisubiri saa nne ili waongee dakika tano. Akirudi jioni ya siku ya tano na bado anataka kujua jaji ataamua nini, hapo mna la kuzungumza. Akirudi amechoka na hataki kusikia, amewaokolea fedha nyingi.

Kama shida yenu ni deni

Kuna wazazi ambao, ukiwauliza vizuri, hawataki wakili katika familia. Wanataka mtu wa kuwaondolea kero. Kwa hao zipo njia fupi. Kenya ina mahakama ya madai madogo, iliyoanza kazi mwaka 2021 chini ya sheria ya 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na kutakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60, na mdai anaweza kujisimamia mwenyewe. Uganda ina utaratibu kama huo kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10 za kwao. Deni la magunia ya vitunguu halihitaji miaka 6 ya chuo.

Kwa kero ya forodha, kuna cheti cha Afrika Mashariki cha mawakala wa forodha na usafirishaji, kozi fupi sana ukilinganisha na shahada, na mwenye nacho anafaa mpakani kuliko mhitimu wa sheria ambaye hajawahi kuona tamko la forodha. Na kwa mtoto anayependa sheria lakini alama hazijafika, Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto hutoa cheti na stashahada ya sheria. Kenya School of Law na LDC nazo zina stashahada zao. Tanzania, sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, watu ambao kwenye soko la mpakani hutatua mambo mengi kabla hayajafika kwa hakimu.

Arusha, pasipo kizuizi

Pamoja na hayo yote, kuna sehemu moja ambapo wakili wa Jumuiya huvuka bila kuulizwa ametoka wapi. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, iliyozinduliwa Arusha mwaka 2001, humpokea wakili yeyote mwenye haki ya kusimama kwenye mahakama ya juu ya nchi mwanachama yoyote. Wakili aliyeapishwa Kampala anasimama hapo kwa haki sawa na wa Dodoma au Kigali. Na mlango wake uko wazi kwa mkazi wa kawaida wa Jumuiya anayeona kwamba sheria au kitendo cha serikali kimevunja Mkataba, ilimradi afungue shauri ndani ya miezi 2.

Mwaka 2019 mahakama hiyo iliamua shauri lililofunguliwa na kampuni ya BAT Uganda. Uganda ilikuwa imebadili sheria mwaka 2017 na kutoza sigara zilizotengenezwa nje ya nchi kodi kubwa kuliko za ndani, na kampuni hiyo ilikuwa ikileta zake kutoka Kenya. Mahakama ilisema bidhaa ya Jumuiya haiwezi kutozwa kama mgeni. Usipende sigara, sawa, lakini hoja ni ileile kwa maziwa, sukari, mayai na mahindi, bidhaa ambazo kila mwaka huzuiwa kwenye mpaka mmoja au mwingine kwa amri ya ghafla.

Kampuni kubwa zina fedha za kwenda Arusha. Wauza mayai hawana, na mawakili wanaoijua njia hiyo vizuri si wengi. Kijana anayeingia chuo mwaka huu akiwa na jambo hilo kichwani ana sababu ya kusoma ambayo haitegemei aapishwe nchi gani, ingawa lazima aapishwe mahali fulani kwanza.

Kwa hiyo wiki hii, kabla ya kwenda benki na namba ya akaunti ya chuo, andikeni barua au barua pepe mbili. Moja iende kwa baraza la elimu ya sheria, au ofisi inayofanya kazi hiyo, ya nchi ambako mtoto atafanyia kazi. Taja chuo, taja vyeti alivyo navyo, uliza kama vinatosha. Nyingine iende kwenye taasisi ya mafunzo ya vitendo, kuuliza ada ya mwaka huu na idadi ya mara ambazo mtu anaruhusiwa kurudia mtihani. Majibu yakifika, yawekwe bahasha moja na barua ya kujiunga.